Mlango wa mbele unabana wakati wa masika: mwanya uwe kiasi gani, na wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mlango wetu wa mbele ni wa mninga, wa paneli. Tulitengenezewa Tabora mwezi wa tisa mwaka jana, ukaja kwa lori pamoja na fremu yake hadi Tanga, nyumbani Raskazone, karibu kabisa na bahari. Ulifungwa Desemba na ulikuwa unafunga bila shida. Tangu masika yaanze unabana upande wa kitasa mpaka niusukume kwa bega. Fundi wa hapa anasema atapiga randa nusu inchi, yaishe. Mwenzake anasema mninga hauvimbi, kosa ni la fremu. Chini nako maji ya mvua yanaingia, na jioni mbu wanapita. Naomba kujua, mwanya kati ya mlango na fremu unatakiwa uwe kiasi gani juu, pembeni na chini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, mwambie fundi aweke randa chini. Nusu inchi ni milimita 12 na ushee, na mlango wako haujavimba kiasi hicho wala nusu yake. Akiitoa hiyo nusu inchi leo, ikifika Septemba utakuwa na mwanya unaopitisha kidole, kitasa kitashika kwa shida, na mbao iliyoondolewa hairudi.

Nikupe namba kwanza, maana ndizo ulizoomba. Kwa mlango wa mbao wa nje, juu acha milimita 3. Upande wa kitasa acha 3, na upande wa bawaba 2 hadi 3. Vipimo hivi ni vya baada ya rangi au vanishi kukauka, kwa sababu mikono miwili mitatu ya vanishi pande zote hula karibu nusu milimita, na mafundi wengi hupima kabla ya kupaka. Chini inategemea: kama kuna kizingiti kilichojengwa vizuri, 3 hadi 5 zinatosha, kama mlango unapita moja kwa moja juu ya vigae, acha 8 hadi 10, kisha mwanya huo ufunikwe kwa njia nitakayokueleza mbele. Anayepima kwa inchi akumbuke kwamba milimita 3 ni karibu sawa na thumni ya inchi.

Lakini namba hizo zina sharti moja ambalo halisemwi mara kwa mara, nalo ndilo kiini cha tatizo lako: ni za mlango ambao umeshazoea hewa ya mahali unapokaa. Mbao huvuta unyevu hewani ikiwa hewa ni nzito na kuuachia hewa ikikauka, hata miaka mingi baada ya mti kukatwa. Mlango wako ulichongwa Tabora mwezi wa tisa, wakati kule mvua haijanyesha kwa miezi na hewa imekauka. Mbao inayokaa katika hali ile hubaki na unyevu wa asilimia 9 au 10 hivi. Raskazone wakati wa masika, na bahari ipo pale chini, mbao hiyohiyo itapanda mpaka 15 au 16. Haipandi siku moja. Mlango wa unene wa inchi moja na robo tatu, tena umepakwa vanishi, huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Ndiyo maana Desemba ulifunga vizuri na Aprili ukaanza kubana. Si kwamba kuna kitu kimeharibika ghafla. Umekuwa unanenepa kidogo kidogo tangu uliposhushwa kwenye lori.

Sasa unenepe wapi, na kiasi gani? Hapa ndipo mafundi wako wawili kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Mbao hutanuka kwa upana wake na unene wake. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, haitanuki kiasi cha kukusumbua. Mlango wa paneli una mbao mbili za wima pembeni na mbao za kulala kati yake. Urefu wa mlango, futi saba, unafuata nyuzi za zile mbao za wima, kwa hiyo masika hauongezeki hata milimita moja. Upana ni habari nyingine, ila si upana wote. Zile mbao za kulala nyuzi zake zinaenda kufuata upana wa mlango, nazo hazirefuki. Paneli, kama fundi wa Tabora alifanya kazi yake sawasawa, zimekaa kwenye mifereji bila gundi, zina nafasi ya kuvimba ndani kwa ndani bila kusukuma mtu. Zinazobaki ni zile mbao mbili za wima. Tuseme kila moja ina upana wa milimita 125. Jumla ni 250. Mninga hutanuka kama sehemu moja hadi moja na nusu katika elfu kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka. Zidisha kwa asilimia sita, unapata milimita moja na nusu hadi mbili na robo. Miimo ya fremu, yaani nguzo zake mbili za wima, nayo imevimba kuelekea ndani, maana nyuma yake kuna ukuta. Ongeza nusu milimita au zaidi kidogo. Jumla yake ni milimita 2 hadi 3 hivi.

Kwa hiyo yule anayesema mninga hauvimbi, nusu yake ni kweli: ni katika mbao tulivu kuliko nyingi tulizo nazo, pamoja na mkongo, mvule na mtiki. Mkaratusi ungekuwa umevimba mara mbili au tatu ya hapo. Na mlango wa mbao zilizopangwa wima upande kwa upande, usio na paneli, wenye upana wa milimita 850, ungeongezeka 5 hadi 7 na nusu hata kama ni wa mninga, kwa sababu upana wake wote unakatisha nyuzi. Lakini hata mbao tulivu inataka nafasi yake. Ikiwa pale Desemba fundi aliacha milimita moja na nusu kila upande, jambo ambalo wengi hulifanya ili kazi ionekane safi, basi jumla ya nafasi ilikuwa 3, vanishi ikala sehemu, na masika yamemaliza iliyobaki.

Hiyo ndiyo dhana yangu. Usiifuate kabla ya kuusoma mlango wenyewe, kwa sababu uvimbe si sababu pekee ya mlango kubana, na tiba ya sababu moja huharibu pale ambapo sababu ni nyingine.

Tafuta kadi nne za benki au vitambulisho vya plastiki vya ukubwa uleule. Kadi hizi zina kipimo kimoja dunia nzima, unene wa milimita 0.76, na hata ile kadi ya plastiki inayobaki ukishakwanyua laini mpya ya simu ina unene huohuo. Nne pamoja ni milimita 3. Funga mlango, simama ndani, zipitishe kwenye mwanya kuanzia juu upande wa bawaba, ushuke hadi chini, kisha juu kutoka kona hadi kona, kisha upande wa kitasa. Kila baada ya futi moja andika kwa penseli kwenye fremu ni kadi ngapi zimepita. Ukimaliza utakuwa na picha ya mlango mzima.

Mwanya ukiwa umepungua sawasawa upande wote wa kitasa, juu hadi chini, na ule wa juu uko salama, basi ni uvimbe, kama nilivyodhani. Juu hakuguswi na uvimbe. Mlango unaobana juu una ugonjwa mwingine.

Ukikuta mlango unagusa kona ya juu ya upande wa kitasa, huku mwanya wa juu upande wa bawaba ukiwa mpana, mlango umening'inia. Bawaba ya juu imelegea. Hili kwa nyumba za karibu na bahari ni la kawaida mno, kwa sababu chumvi hula skrubu za chuma. Skrubu inapata kutu, inapoteza meno yake ndani ya mbao, na uzito wa mlango wa mninga, ambao si mdogo, unaivuta. Ukishika mlango ulio wazi kwa kitasa na kuuinua juu, utaona bawaba ikicheza. Hapo randa haina kazi. Toa skrubu, ziba matundu kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi isiyoogopa maji, toboa upya, weka skrubu za shaba au za chuma cha pua zenye urefu wa kutosha kufika moyo wa mwimo. Bawaba nazo ziwe tatu, za inchi nne. Kama mlango wako una mbili tu, ongeza ya tatu hata kama haujaning'inia bado.

Ukikuta mwanya wa juu umepotea katikati na uko sawa kwenye kona mbili, tazama ukuta. Huenda fremu ilisimamishwa wakati ukuta unajengwa na linta ya juu yake ni dhaifu au haipo, na sasa kichwa cha fremu kinabeba matofali. Hilo ni la fundi uashi, na ni la haraka.

Na kuna mlango ambao haukatai kufunga kwa kusugua. Unafika mwisho kisha unarudi nyuma wenyewe kama umesukumwa. Huo unagonga upande wa bawaba. Ama vitako vya bawaba, yaani vishimo ambamo bawaba zinalala, vimechimbwa kwa kina kupita kiasi, ama vichwa vya skrubu vimejitokeza. Kipande cha kadi ngumu ya boksi chini ya bawaba kinatosha kuutibu, wala si kazi ya nusu saa.

Kipimo cha pili ni cha chaki, na kwako wewe ndicho ninachokitaka zaidi. Paka chaki ya rangi kwenye fremu upande wa kitasa, urefu wote, ufunge mlango kwa nguvu yako ya kawaida, kisha ufungue. Tazama alama ya chaki imekaa wapi kwenye ukingo wa mlango. Ukingo huo una unene wa milimita kama 45. Je, alama imeenea unene wote, au iko kwenye pembe moja tu, ile ya upande wa nje inayotangulia kuingia kwenye fremu?

Sababu ya kuuliza ni hii. Mlango wako unafungukia ndani, bawaba ziko upande wa ndani. Mlango haunyooki kwenda mbele na nyuma, unazunguka. Pembe yake ya nje iko mbali na bawaba kuliko pembe ya ndani. Kwa mlango wa upana wa milimita 850 na unene wa 45 tofauti hiyo ni milimita moja na ushee. Kwa hiyo ukingo wa upande wa kitasa hautakiwi kuwa wa pembe mraba. Unapigwa randa kwa mwinamo mdogo, upande wa nje ukiwa umepungua milimita 2 au 3 kuliko wa ndani. Ukisimama ndani huoni tofauti yoyote, mwanya unaonekana uleule mwembamba, lakini mlango unapita kwa raha. Seremala aliyefundwa vizuri hafungi mlango mnene bila mwinamo huo, ila haraka zimetuzidi, na siku hizi nakuta milango mingi mizuri ya mbao ghali iliyoachwa mraba. Kama chaki yako imeshika pembe ya nje peke yake, basi mlango unahitaji mwinamo huo tu, usoni pa ndani pasiguswe. Hiyo ndiyo randa pekee ninayoiruhusu masika haya bila kusita.

Kama chaki imeenea unene wote, subiri ukiweza. Sugua kipande cha mshumaa au sabuni kavu pale kwenye alama, mlango utateleza na utavuka nao mvua hizi. Wakati huohuo pima upana wa mlango kwa futi ya chuma, mahali patatu, juu, katikati na chini, uandike namba na tarehe kwenye ukingo wa juu ambako haionekani. Rudia mwishoni mwa Agosti. Tofauti utakayoipata ni ya mlango wako, katika nyumba yako, na ni bora kuliko hesabu yangu yoyote ya kwenye karatasi.

Kama huwezi kusubiri, labda una mzee ndani asiyeweza kusukuma kwa bega, basi ipigwe randa sasa, lakini kwa hesabu ya majira. Mlango uliovimba kufikia mwisho wake unaachiwa milimita moja na nusu hadi mbili, si tatu. Kiangazi kikija utajiongezea wenyewe. Mlango unaofungwa katika ukavu, kama wa kwako ulivyokuja kutoka Tabora, ulitakiwa uachiwe 4 upande wa kitasa, na mwenye nyumba aambiwe mapema kwamba mwanya huo utapungua, asije akadhani ameibiwa. Fundi anayetoa namba moja kwa miezi yote hajawahi kurudi kwa mteja miezi sita baadaye.

Ikizidi milimita moja kuondolewa, mwambie apige randa upande wa bawaba. Kitasa chako nadhani ni cha kuchimbiwa ndani ya mbao, na bamba lake limelala sawa na ukingo. Ukipunguza upande huo itabidi bamba lichimbwe upya na kitasa kirudi ndani, na matundu ya funguo yatahama. Upande wa bawaba kazi ni kuongeza kina cha vitako vitatu, basi.

Naomba nisisitize jambo linalosahaulika kuliko yote: siku ileile mbao ilipopigwa randa, ipakwe. Na mlango ukiwa umetolewa kwenye bawaba, ulaze, tazama ukingo wake wa chini na wa juu. Ukitaka kujua hali ya chini sasa hivi bila kuutoa, telezesha simu sakafuni kamera ikitazama juu, upige picha. Mara nyingi utakuta mbao tupu, haijaonja vanishi hata tone, kwa sababu mafundi hupaka kinachoonekana. Sasa vile vichwa vya mbao za wima, pale nyuzi zinapoishia, ndipo mbao inapokunywa maji kwa kasi kuliko usoni, mara nyingi kupita kiasi. Sakafu yako inapata maji ya mvua, mlango unayanywa kutoka chini. Mikono mitatu ya vanishi ya nje, wa kwanza ukiwa mwepesi ili uingie ndani, pale chini na juu na kwenye tundu la kitasa, itapunguza hiyo pandashuka ya majira kuliko randa yoyote. Haitaiondoa, vanishi huchelewesha unyevu tu, haiuzuii kabisa.

Tuje kwenye maji na mbu.

Watu wengi wakiona maji yanaingia hutaka mlango ushuke ukaribie sakafu. Ni kinyume cha kinachotakiwa. Mwanya mwembamba sana hunyonya maji na kuyapitisha upande wa pili hata bila upepo, na upepo wa kusi ukisukuma mvua inakuwa zaidi. Tena mlango unaokaribia sakafu unakaa ndani ya maji. Mwanya wa kiasi, wenye kitu cha kuufunika kwa mbele, ndio mkavu.

Wazee wa mwambao walilijua hili vizuri. Tazama milango ya kale ya mabawa mawili, ya Unguja, Lamu au hapo jirani kwenu Pangani. Mahali mabawa yanapokutana katikati pana mfaa, ule ubao mnene wa wima uliopigiliwa kwenye bawa moja, mara nyingi umejaa nakshi. Watalii hupiga picha nakshi. Kazi ya mfaa ni kufunika mwanya wa mabawa mawili, ili mbao zivimbe na kusinyaa nyuma yake bila mvua wala jicho la mpita njia kuingia. Hawakujaribu kubana mabawa yagusane. Waliacha nafasi, wakaifunika. Mimi nikifunga mlango wa nje leo, nafuata hilohilo pande zote nne.

Kwa mlango wako, chini, anza nje. Sakafu ya baraza iwe chini kuliko ya ndani, walau inchi moja, na iteremke kuelekea nje kama sentimita moja na nusu kwa kila mita. Kama baraza na sebule ziko sawa na vigae vimepita moja kwa moja, jenga kizingiti. Kinaweza kuwa cha zege, cha terazo au cha mkongo, na uso wake wa nje uteremke. Juu yake uzamishwe upapi, yaani ukanda mwembamba, wa alumini au shaba, usimame milimita 12 hadi 15, ili mlango ukifungwa ukingo wake wa chini uegemee nyuma ya upapi huo. Maji yakisukumwa kuelekea chini ya mlango yanagonga upapi, yanarudi kwenye mteremko. Kama ndani kuna mzee au kiti cha magurudumu, usizidishe 15, na upande wa ndani uteremshwe taratibu.

Kisha usoni mwa mlango, upande wa nje chini, juu tu ya kimo cha upapi ili usiugonge mlango ukifunguliwa, fundi apige ubao wa mteremko wa kutemea maji. Kimo chake milimita 60 hadi 75, ujitokeze kama sentimita nne, mgongo wake ulale. Chini ya ubao huo, karibu na ukingo wake wa mbele, uchimbwe mfereji mwembamba wa milimita 6 hadi 8 unaokwenda upana wote. Mfereji huo ndio roho ya kazi. Tone la maji linaloshuka hushikamana na mbao, likafuata upande wa chini kurudi kwenye mlango. Likifika kwenye mfereji haliwezi kuuvuka, linadondoka. Ubao usio na mfereji ni pambo tu. Na miisho yake isiguse miimo. Iachwe milimita 3 au 4 kila upande, la sivyo umeondoa mbano mmoja ukaleta mwingine. Ufungwe kwa skrubu na silikoni nyuma yake.

Ukiweza kurefusha paa la baraza, fanya hivyo kwanza. Mlango usioguswa na mvua hauhitaji ufundi mwingi.

Kwa mbu, mwanya wa milimita 3 ni barabara pana. Hapa ndipo mpira unapofaa. Kwenye ribeti, ile hatua ya fremu ambayo uso wa mlango unaiegemea, kuwe na nafasi ya milimita 3 hivi kati ya mlango na fremu, ikae mpira mwembamba wenye tundu ndani unaobonyea. Uende juu na pembeni zote, bila kukatika kwenye kona. Chini weka brashi ya nyuzi iliyoshikwa na kipande cha alumini, upande wa ndani wa mlango, nyuzi ziguse sakafu tu zisikunjwe. Brashi huzuia pia vumbi, mende na panya. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye upenyo wa milimita 6, kwa hiyo usidharau ule mwanya wa 10 wa juu ya vigae. Ila nunua mpira baada ya kurekebisha mwanya, siyo kabla. Nimekuta milango inayobana kwa sababu ya mpira mnene uliobandikwa kutibu mwanya, na mwenye nyumba analaumu mbao. Na kama nyumba yako haina dari iliyofungwa vizuri, jua kwamba mbu wengi wa malaria huingia kwa ule uwazi kati ya ukuta na paa. Paangalie nako jioni hiyohiyo.

Kuhusu usalama, kwa kifupi. Ulimi wa kitasa kizuri hutoka milimita 20. Mwanya ukiwa 3, zinabaki 17 ndani ya mwimo. Ukiwa na ile nusu inchi ya fundi wako, zinabaki 8 au chini yake kiangazi kikifika, tena pana nafasi ya kuchomeka ncha ya mtalimbo. Hiyo peke yake ingetosha kuikataa kazi yake.

Yule fundi wa pili aliyesema kosa ni la fremu, mpe nafasi athibitishe. Aweke pima maji kwenye miimo yote miwili, usoni na ubavuni, na apime pembe kwa pembe kwa futi: vipimo viwili vya mshazari vikitofautiana zaidi ya milimita 3 fremu haiko mraba. Wewe mwenyewe unaweza kufungua mlango nusu na kuuachia. Ukitembea wenyewe, mwimo wa bawaba hauko wima. Fremu ya mbao yenye futi saba inatakiwa ishikwe ukutani mahali pasipungue patatu au panne kila upande. Foamu ya kupulizia hujaza nafasi, haishiki fremu. Ule ufa kati ya fremu na lipu kwa nje uzibwe kwa silikoni au zibo jingine linalovutika, kwa sababu saruji iliyopakwa pale hupasuka mbao ikisinyaa, maji yakaingia nyuma ya mwimo na mchwa wakafuata.

Kwa hiyo wiki hii fanya kadi, chaki na vipimo vitatu vya upana. Kama bawaba zinacheza, zitengenezwe mara moja. Kama chaki imeshika pembe ya nje tu, mwinamo upigwe na upakwe siku hiyohiyo. Vinginevyo sabuni na subira mpaka Agosti, wakati huo vanishi nayo itashika vizuri kwenye mbao iliyokauka, na ubao wa kutemea maji ufungwe katika ziara hiyohiyo ya fundi, kabla ya vuli.